UMEME WA JUA NYUMBANI: UICHUNGE BATRI



Unatoka kazini, unafika nyumbani saa moja ya jioni, na muji wote ni giza. Umeme umekatika tena. Muke wako amesimamisha buji juu ya meza, na watoto wanne wameinamisha vichwa karibu na muwali ule, kila mumoja na kitabu chake cha masomo. Ngambo ya lupango, jirani yako ana taa nyeupe na redio inaimba. Unamuuliza amefanya namna gani. Anakujibu: «Baba, nilinunua pano moja na batri ya kamio, nikafunga mwenyewe siku ya Mungu. Haikunikamata hata saa mbili.»

Nawe unawaza moyoni: mushahara ukitoka, nami nitafanya vile.

Ukurasa huu haukuji kukukataza. Buji ikianguka juu ya godoro inaunguza nyumba. Taa ya petroli inachoma watoto, na moshi wake unaingia kifuani. Taa ya jua ni bora kuliko zote mbili. Lakini zile saa mbili za jirani ndizo zinatutia wasiwasi. Ukiingia pale alipofunga, pengine utaona batri chini ya kitanda cha watoto, waya nyembamba kama kamba ya viatu, na hakuna fizibli hata moja. Kule kazini mutu angefunga vile, mukubwa wa usalama angesimamisha kazi mara moja. Nyumbani mukubwa wa usalama ni nani? Ni wewe.

VOLTI 12 HAZIUI MUTU?

Sisi watu wa Katanga tumezoea habari za umeme mukubwa. Mwadingusha ilianza mwaka wa 1930, Koni mwaka wa 1950, Nzilo mwaka wa 1952, Nseke mwaka wa 1956, zote kwa ajili ya shaba. Kisha, mwanzo wa miaka ya 1980, ikaja ile laini ndefu ya kutoka Inga hadi Kolwezi, kilometa karibu 1.700, volti 500.000, inayopita juu ya vijiji vingi ambavyo havina hata ampuli moja. Kila mutu anajua kwamba ukigusa umeme wa namna ile, hakuna kurudi.

Basi mutu akiona batri ya volti 12, anacheka. Anaweka mukono huku na huku, hasikii kitu. Anasema: «Huu ni umeme wa watoto.»

Anasema kweli, lakini ni nusu ya kweli. Volti 12 hazina nguvu ya kupita ndani ya ngozi kavu ya mutu. Lakini batri haiogopeshi kwa volti zake. Inaogopesha kwa amperi zake. Muulize mufundi wa kuunganisha vyuma kule atelie: mashini yake, moto ukiwaka, inatumika na volti 20 au 30 tu, na inayeyusha chuma kama mafuta ya kupikia. Ni amperi zinazofanya kazi ile. Na batri ya kamio iliyojaa, ukiunganisha pembe yake ya kujumlisha na ya kutoa kwa chuma kitupu, inaweza kutoa amperi zaidi ya 1.000 kwa mara moja. Ilitengenezwa kwa kuamusha mota kubwa asubuhi ya baridi. Haijui kama leo iko chini ya kitanda chako.

Sasa fikiri: unakaza buloni kwenye pembe ya kujumlisha, ufunguo unateleza mukononi na kugusa pembe ya kutoa. Cheche kubwa inaruka. Ufunguo unakuwa mwekundu, pengine unashikamana pale. Na ukiwa na pete ya ndoa kidoleni, na pete ile ikaguswa kati ya ufunguo na pembe nyingine, inaunguza nyama mpaka mufupa mbele hujapata wakati wa kulalamika. Kwa hiyo, mbele ya kugusa batri, toa pete, toa saa, toa munyororo wa shingoni. Funga mukono wa ufunguo wako na utepe wa kuzuia umeme, uache kichwa chake tu. Mama hatakasirika kwa pete kukaa juu ya kabati nusu saa.

FIZIBLI NI BREKI

Kitu kimoja kinachokosekana katika karibu nyumba zote ni fizibli. Watu wananunua pano, batri, ampuli, redio, halafu wanaona fizibli kama mapambo. Fizibli ni breki. Nani atapanda garimoshi la mugodi lisilo na breki kwa sababu njia ni fupi?

Waya ikitoka kwenye batri na kupita ukutani, panya wataikula ganda, musumari utaitoboa, mulango utaifinya. Siku ile waya mbili zitagusana. Kama hakuna fizibli, batri itatoa amperi zote iliyo nazo, waya itakuwa nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila kitu kilicho karibu nayo kitashika moto: pazia, karatasi ya ukutani, nguo. Kama kuna fizibli, utasikia «tak!» na taa zitazimika. Hasara yako ni fizibli moja.

Pahali pake ni kwenye waya ya kujumlisha, karibu kabisa na batri, isiwe mbali kuliko shubiri moja. Usiiweke kule mwisho, karibu na redio, sababu waya yote iliyo kati ya batri na fizibli haina mulinzi. Kwa taa na redio za nyumba, na waya ya milimeta mraba 2,5, weka fizibli ya amperi 10. Na ikiungua, tafuta sababu kwanza, kisha rudisha ya namna ileile. Yule anayeiziba na karatasi ya sigara au na uzi wa waya, amefunga breki kwa kamba.

FANYA HESABU MBELE YA KWENDA SOKONI

Chukua karatasi, ukae pamoja na bibi, muandike vile munavyotaka kuwasha. Tutwae mufano wa jamaa moja.

Ampuli 4 za LED, za wati 5 kila moja, saa 5 usiku: 100. Redio ya wati 10, saa 6: 60. Telefone 3 za kujaza: 30. Televizio ndogo ya wati 30, saa 4: 120. Jumla ni 310. Hizi ni wati-saa, maana yake wati mara saa. Ni kazi ambayo batri itafanya kila siku.

Sasa njiani kuna hasara, katika waya, katika regulateri, katika batri yenyewe. Kwa hiyo pano lazima ilete zaidi, kama 440 kwa siku. Huku kwetu, siku moja katika nyingine, unaweza kuhesabu karibu saa 5 za jua kali. 440 ukigawanya kwa 5, unapata 88. Pano ya wati 100 inatosha muzuri wakati wa kipwa. Wakati wa mvua, mawingu yakikaa siku mbili au tatu, utafurahi ukiwa na ya 150.

Na batri? 310 ukigawanya kwa volti 12 ni karibu amperi-saa 26. Lakini batri ya madini ya risasi haipendi kumalizwa. Ukiiteremsha kupita nusu kila usiku, itakufa mbele ya mwaka kwisha. Basi zidisha mara mbili: 52. Na kama unataka kubaki na akiba ya siku ya pili ya mawingu, zidisha tena: 104. Ni batri ya amperi-saa 100.

Hapa ndipo ile batri ya kamio ya jirani inaanguka. Inafanana na nyingine kwa nje, lakini ndani mabamba yake ni membamba na mengi. Yametengenezwa yatoe nguvu nyingi kwa dakika chache, kisha alternateri iyajaze tena. Kuyanyonya polepole usiku kucha ni kuyaua. Batri ya jua ina mabamba mazito. Bei yake ni juu, tunajua. Lakini ukinunua mbili za kamio katika muda ambao moja ya jua ingalipo, nani aliokoa franka? Tena kuna wale wanaosema: «Mimi sinunui, nitaitoa kwenye garaje ya kampuni.» Kwa hao hatuna mashauri ya usalama. Wataonana na walinzi wa mulangoni.

Jihazari pia na pano za uongo. Jua la saa sita ya muchana linamwaga karibu wati 1.000 juu ya kila meta mraba. Pano nzuri za siku hizi zinakamata kama sehemu ya tano ya ile nguvu, ni kusema wati 200 kwa meta mraba. Kwa hiyo pano ya wati 100 haiwezi kuwa ndogo kuliko nusu ya meta mraba. Mutu akikuonyesha kipande kikubwa kama ubao wa mutoto wa masomo, na nyuma kimeandikwa «300 W», umurudishie polepole na kuendelea na safari yako.

SHABA YETU, TUIJUE

Sisi ambao tunachimba shaba, tunaichoma, tunaisafisha mpaka inakuwa nyekundu kama jua la jioni, ni haya kweli kudanganywa kwa waya! Lakini tunadanganywa. Sokoni kuna waya ya aluminyumu iliyopakwa shaba kidogo kwa juu. Inang'aa muzuri. Chukua kisu kidogo, ukwaruze ncha yake. Kama ndani ni nyeupe, si shaba. Inapitisha umeme vibaya zaidi, inalegea kwenye vizibo, na pahali ilipolegea panapata moto.

Unene wake una maana kuliko vile watu wanafikiri. Tuseme pano ya wati 100 iko meta 10 mbali na batri. Umeme unakwenda meta 10 na kurudi meta 10, jumla ni 20, na amperi ni karibu 8. Kwa waya ya shaba ya milimeta mraba 1,5 utapoteza karibu volti 1,9 njiani. Katika volti 12 ni hasara kubwa: batri haitajaa hata siku moja, nawe utasema pano ni mbaya. Kwa waya ya milimeta mraba 6 utapoteza nusu volti tu. Ile iliyopotea haikwenda bure hewani. Imekuwa moto ndani ya waya.

Kwa hiyo weka batri karibu na pano iwezekanavyo, na waya nene. Ampuli zinaweza kukaa mbali, sababu hazikunywi sana.

JUU YA PAA

Kuanguka hakuchagui kama uko kazini au nyumbani. Kazini unavaa mukanda wa usalama kwa kupanda meta tatu. Nyumbani unapanda na kandambili, pano mukononi, na mutoto wa miaka kumi ndiye anashika ngazi.

Panda asubuhi na mapema, mbele manjanja hayajapata moto na mbele ya upepo. Pano ni kama tanga la mutumbwi. Upepo ukiingia chini yake, unakwenda nayo. Muwe watu wazima wawili, na pano ivutwe kwa kamba wakati wewe umekwisha kukaa vizuri. Kanyaga pale penye musitari wa misumari, maana chini yake kuna muti. Katikati ya manjanja hakuna kitu cha kukushika. Na kama paa lako ni la eternit ya zamani, usilikanyage na usilitoboe hata kidogo: linavunjika bila kutoa habari, na vumbi lake lina amianti inayoharibu mapafu. Kwa nyumba ya namna ile, simamisha muti wa chuma uani na uweke pano juu yake.

Igeuze wapi? Simama asubuhi, jua linalotoka liwe upande wa mukono wako wa kuume: uso wako unatazama kaskazini. Ndipo pano itazame. Huku kwetu jua linapita upande ule sehemu kubwa ya mwaka. Tangu mwisho wa mwezi wa kumi hadi katikati ya mwezi wa pili linapita kusini kidogo, lakini wakati ule liko juu kabisa ya kichwa, hakuna hasara ya kulilia. Inamishe pano kidogo, digri kama 15, ili mvua iioshe. Vumbi la barabara za migodi unalijua wewe mwenyewe. Wakati wa kipwa, uifute kila juma kwa kitambaa na maji, asubuhi ikiwa ingali baridi. Chagua pahali ambapo kivuli cha muembe hakifiki, sababu kivuli cha tawi moja tu kinaweza kupunguza kazi ya pano nzima.

Wakati unafunga waya, funika pano kwa blanketi nzito. Haina swichi ya kuizima. Jua likiiona, inafanya umeme. Kisha fuata mupango huu: batri kwanza kwenye regulateri, halafu pano, mwisho taa. Wakati wa kufungua, rudi kwa kinyume: taa, pano, batri mwisho. Ukiunganisha pano mbele ya batri, regulateri nyingi zinaungua palepale.

BATRI ILALE WAPI?

Sasa tumefika kwenye shauri lenyewe.

Wazee waliotumika chini ya ardhi wanakumbuka chumba cha kujazia taa za kofia. Mulangoni mumeandikwa usivute tumbako. Juu kuna matundu ya hewa. Hakuna aliyeingia mule na sigara, hata mubishi mukubwa. Sababu yake? Batri ya risasi ikikaribia kujaa, maji yaliyo ndani yake yanagawanyika na kutoa gazi mbili, idrojeni na oksijeni. Idrojeni haina harufu wala rangi. Inapofika sehemu 4 tu katika 100 za hewa, cheche moja inatosha. Batri inapasuka, na vipande vya ganda na asidi vinaruka usoni.

Batri yako ya nyumbani ni ileile. Haikubadilika kwa kuwa imevuka mulango wa kampuni.

Basi si chini ya kitanda. Si jikoni kando ya mbabula. Si ndani ya kabati iliyofungwa, wala ndani ya sanduku lililofungwa «ili watoto wasiguse». Hili la mwisho ndilo kosa la watu wenye nia njema: wanakusanya gazi kama mutu anayekusanya maji ndani ya ndoo.

Itengenezee sanduku la mbao, lenye kifuniko cha kufunga na kufuli, lakini litoboe matundu chini pembeni na juu kabisa pembeni. Idrojeni ni nyepesi, inapanda. Ikute tundu la juu. Weka sanduku barazani chini ya paa, au chumbani cha akiba chenye dirisha lisilozibwa, pahali ambapo mvua na jua havifiki. Chini ya batri tia beseni la plastiki la kupokea asidi ikivuja. Usiweke regulateri ndani ya sanduku lile, sababu inaweza kutoa cheche. Itundike ukutani, nusu meta pembeni. Na usiende kutazama maji ya batri kwa kuwasha kiberiti! Tumia taa ya telefone.

Kuna batri zilizofungwa zisizoongezwa maji. Hizo zinatoa gazi kidogo sana, lakini regulateri ikiharibika na kuzijaza kupita kiasi, nazo zinafungua kizibo chao na kupumua. Sheria ni moja.

Kama mwisho wa mwezi umebana na regulateri inaonekana ghali, sikia kazi yake: inakata pano wakati batri imejaa, karibu volti 14,4, na inakata taa mbele batri haijafa. Bila hiyo, muchana kutwa pano inachemsha batri, na gazi inatoka saa zote. Unaweza pia kujua hali ya batri kwa voltimetri ndogo, asubuhi mbele ya jua na taa zikiwa zimezimwa: 12,7 imejaa, 12,2 iko nusu, 11,8 umeichosha na leo watoto watalala mapema.

MAJI MAKALI KATIKA CHUPA YA LIMONADI

Ukinunua batri kavu, utauziwa pia asidi. Sokoni wanaipima katika chupa gani? Chupa ya maji ya kunywa, au ya limonadi. Unaileta nyumbani, unaitua karibu na mulango, unakwenda kuita jirani akusaidie. Mutoto anatoka kucheza, ana kiu. Asidi haina rangi.

Hatutaendelea na habari ile. Peleka batri kwa muuzaji, aijaze palepale, urudi na batri iliyojaa. Kama huwezi, chukua galoni yako yenye kizibo kikali, uiandike ASIDI na kuchora kichwa cha mufu, na isiguse chini mpaka imefika kwenye kufuli. Iliyobaki usiichunge kwa ajili ya siku nyingine. Mutoto akiimeza, usimutapishe. Suuza kinywa chake kwa maji na ukimbie naye lopitali, na chupa ile pia uibebe ili munganga aione.

Vaa miwani ya kazi na glavu za mpira. Ikikuruka machoni, usisugue: fungua jicho kwa vidole na mimina maji safi mengi dakika 20, usihesabu kwa haraka, kisha kwenda kwa munganga hata kama maumivu yametulia. Kwa sababu hii ndoo ya maji iwe imekwisha kujaa mbele hujaanza kazi. Si wakati ule ndipo utume mutoto kwenye robine. Iliyomwagika chini, nyunyizia bikarboneti mpaka povu linakwisha.

Baadaye, maji ya batri yakipungua, ongeza maji ya distile tu. Usiongeze asidi, na usiongeze maji ya robine.

UMEME UKIRUDI

Wengine wanataka kuwasha vitu vya volti 220, na wananunua konvertiseri. Jueni kwamba kuanzia pale mazungumuzo yetu ya «volti 12 hazisikiki» yamekwisha. Inayotoka kwenye konvertiseri inaua sawasawa na ile ya SNEL. Tena jueni hesabu: pasi ya umeme ya wati 1.000 itaomba amperi zaidi ya 83 kwenye batri ya volti 12. Resho itaomba vilevile au zaidi. Hivyo si vitu vya jua dogo. Tuachie pasi makala yake.

Lakini kuna jambo baya kupita hilo. Mutu amechoka na giza. Anatwaa waya yenye fishi pande zote mbili, anachomeka upande mumoja kwenye konvertiseri na mwingine kwenye priza ya ukutani. Nyumba nzima inawaka! Watoto wanapiga makofi. Hajui kwamba amewasha pia waya ya inje. Umeme wake unatoka kwa njia ya kizibo, unafika kwenye transforma ya karitie, na transforma inaugeuza kinyume: volti 220 zinapanda kuwa volti elfu nyingi kwenye laini. Na juu ya nguzo, wakati ule, kuna baba wa watoto kama wewe, amefunga mukanda wake, ameambiwa laini imekatwa, ananyoosha mukono.

Fishi pande mbili isionekane nyumbani mwako hata siku moja. Vitu vya jua viwe na waya zao peke yao, priza zao peke yao, zilizopakwa rangi nyingine. Kama unataka kutumikisha waya za nyumba, muite fundi wa umeme mwenye kazi yake aweke swichi ya kugeuza, ile ambayo inakata upande mumoja mbele ya kufunga mwingine, hata ukiisukuma kwa nguvu.

ZILE BATRI MPYA

Utaona pia batri za lityumu. Ni nyepesi, zinakaa miaka mingi, hazitoi gazi wakati wa kujazwa. Wengine wanadhani zote zina kobalti yetu ndani. Si zote: nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa chuma na fosfati, na hizo ndizo hazishiki moto upesi. Zinataka regulateri inayojua lityumu. Ile ya zamani ya batri ya risasi haitoshi. Usinunue ile iliyofungwa kwa utepe na fundi wa njiani kutoka batri kuukuu za kompyuta. Ikivimba, itoe inje ya nyumba. Ikitoa moshi, toa watu, sababu moshi wake ni sumu, na usirudi kuokoa televizio.

BATRI IKIFA

Siku moja itakufa, hata ukiitunza. Ndipo mutu atapita na muzani na kusema anainunua kwa kilo. Au wewe mwenyewe utafikiri kuipasua nyuma ya nyumba, kuyeyusha risasi yake katika sufuria, na kufanya vizito vya nyavu.

Katika Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika Senegali, watu walikuwa wakitoa risasi katika batri kuukuu na kuchekecha muchanga wa karitie yao. Kati ya mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa 2007 na mwezi wa tatu wa mwaka wa 2008, watoto 18 walikufa pale. Hawakula batri. Walicheza katika muchanga ule, vumbi likaingia majumbani, na mama zao walikuwa wamelibeba katika nguo. Wanganga walipopima damu ya ndugu zao waliobaki, waliikuta imejaa risasi. Sumu ile inaharibu ubongo wa mutoto, na ile iliyoharibika hairudi.

Usiipasue, na usimwage asidi yake katika mufereji wa lupango au karibu na kisima. Isimamishe wima, ukiwa umefunga pembe zake kwa utepe, pahali ambapo watoto hawafiki, kisha uirudishe kwa muuzaji wakati unanunua nyingine. Wengi wanapunguza bei kwa ajili ya ile ya zamani. Ile mpya, siku unaifunga, andika tarehe juu ya ganda lake kwa rangi nyeupe, mwezi na mwaka. Halafu osha mikono kwa sabuni, na urudishe pete.